Siri Bila Jina: Taarifa za Mgonjwa katika Dharura za Kiafya za Arua na Koboko, 1937–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi siri ya mgonjwa ilivyotunzwa na ilivyovuja wakati wa dharura za kiafya katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Yanapitia utafiti wa virusi wa Omogo, rejesta za Hospitali ya Kuluva, kampeni za malale na tiba ya VVU, pamoja na tahadhari za Ebola na UVIKO-19. Hoja kuu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 80 siri ya mgonjwa imepimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani kutotajwa kwa jina lake. Kipimo hicho hakitoshi mahali ambapo kijiji, umri, jinsia na lugha vinatosha kumtambulisha mtu. Mwishoni makala yanaeleza namna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inavyoweza kutekelezwa kwa kuzingatia historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya faragha ya mgonjwa katika Afrika Mashariki mara nyingi huanzia kwenye sheria. Uganda na Kenya zilipata sheria zao za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mjadala ukianzia hapo, faragha huonekana kuwa jambo jipya lililoletwa na kompyuta na simu za mkononi. Historia ya Nile Magharibi inaonyesha vinginevyo. Eneo hilo limekuwa likitoa taarifa za wagonjwa wake kwa watafiti, madaktari na serikali tangu enzi ya ukoloni, na mara nyingi limezitoa katika mazingira ya dharura.

Arua ilianzishwa kama makao ya wilaya mwaka 1914, baada ya sehemu ya kusini ya Lado kuhamishwa kutoka Sudan kwenda Uganda. Koboko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2005. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Njiani husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Ni eneo ambalo mtu akifungua kinywa tu, msikilizaji hukisia upande wa mpaka anakotoka. Jambo hili la lugha na mahali ndilo linaloipa siri ya mgonjwa uzito wa pekee.

Neno dharura limetumika hapa kwa maana mbili zinazohusiana. Ya kwanza ni dharura ya mtu mmoja: ajali ya pikipiki, jeraha la panga, uzazi uliokwama. Ya pili ni dharura ya umma: mlipuko wa ugonjwa, vita, wimbi la wakimbizi. Katika zote mbili muda wa kuomba ridhaa ni mfupi, na wanaohitaji kujua huongezeka ghafla.

2.0 Ugonjwa kama jambo la ukoo

Imezoeleka kudhaniwa kwamba faragha ni wazo geni katika jamii za Kiafrika kwa kuwa mgonjwa huuguzwa na ndugu zake wote. Ushahidi kutoka kwa Walugbara unahitaji kusomwa kwa makini zaidi. John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini ya Walugbara mwaka 1960, alionyesha kwamba ugonjwa ulihusishwa na mamlaka ya wazee. Mzee wa ukoo aliweza kuwaita wahenga wamwadhibu mdogo wake aliyekosa heshima. Maradhi yakifuata, ramli ilitafuta ni nani aliyeyaleta na kwa kosa gani, kisha sadaka ikawakutanisha jamaa waliohusika.

Kutokana na maelezo hayo yanabainika mambo mawili. Kwanza, kutaja chanzo cha ugonjwa kulikuwa sawa na kutangaza ugomvi uliokuwa ndani ya nyumba. Taarifa ya ugonjwa ilikuwa nzito na haikutupwa ovyo. Pili, waliostahili kuijua walijulikana. Mpaka wa siri ulikuwapo, ila ulichorwa kuuzunguka ukoo badala ya mtu mmoja. Tabibu wa kikoloni alipofika na daftari lake alivuka mpaka huo bila kuuona. Yeye aliuliza jina, kijiji na ugonjwa, akaamini kwamba akilifuta jina amekwisha kuitunza siri.

3.0 Omogo, 1937: mgonjwa asiye na jina

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha Entebbe taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake walikwenda Nile Magharibi, eneo ambalo wakati huo lilikuwa pia uwanja wa mapambano dhidi ya malale. Mnamo Desemba 1937, huko Omogo, ambayo leo huandikwa Omugo na imo katika Wilaya ya Terego, walichukua damu ya mwanamke mmoja mtu mzima aliyekutwa na homa. Mwenyewe alisema haumwi. Katika damu hiyo vilipatikana virusi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1940 na Smithburn na wenzake watatu. Kichwa cha taarifa yao kilimtaja mgonjwa kama mwenyeji wa Uganda, na jina lake halikuwekwa. Kwa desturi za utabibu za wakati ule, siri yake ilikuwa imetunzwa. Hata hivyo taarifa ilibeba jinsia yake, mahali pake na hali yake ya mwili siku ile. Kwa msomaji wa New York hayo hayakumtambulisha mtu yeyote. Kwa mkazi wa Omogo aliyeshuhudia wageni wakichukua damu, yalitosha kumtambulisha.

Jambo la pili lilijitokeza polepole zaidi. Virusi vilipewa jina la wilaya. Mwaka 1999, ugonjwa huo ulipozuka New York, jina la Nile Magharibi lilienea duniani kama jina la maradhi. Mgonjwa alikuwa amefichwa, na mahali pake pakabebeshwa alama ambayo yeye aliepushwa nayo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kwamba magonjwa mapya ya binadamu yasipewe majina ya mahali, watu au wanyama, kwa kuwa majina hayo huwaumiza watu, biashara na safari zao. Mwongozo huo ulikiri jambo ambalo Nile Magharibi ilikwisha kulipitia: siri huweza kuvuja kwa jamii nzima hata pale ambapo hakuna mtu mmoja aliyetajwa.

4.0 Kuluva: rejesta iliyookoa na kufichua

Historia hii ingekuwa nyepesi kama kila taarifa iliyokusanywa ingekuwa imeleta madhara tu. Hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, inakataa hukumu hiyo nyepesi. Ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, na daktari wake, Ted Williams, aliandika rejesta kwa uangalifu usio wa kawaida. Mwaka 1961 alifuatana na Denis Burkitt na Cliff Nelson katika safari ndefu ya kutafuta mipaka ya kijiografia ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1967 Pike, Williams na Wright walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa Nile Magharibi wa kuanzia 1961 hadi 1965. Walionyesha kwamba watoto waliougua katika nyakati zinazokaribiana walielekea pia kutoka katika nyumba zinazokaribiana. Ugunduzi huo ulitegemea kitu kimoja: rejesta ilijua nyumbani kwa kila mtoto. Kama Kuluva ingeandika jina la wilaya peke yake, swali la kama ugonjwa huo unaambatana na maambukizi lisingeweza kuulizwa kwa namna ile.

Miaka ya 1970 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, liliendesha katika wilaya hiyo utafiti wa watoto takriban 42,000. Damu ilichukuliwa kabla ya ugonjwa, kisha watoto wakafuatiliwa. Mwaka 1978 de-Thé na wenzake walichapisha matokeo yaliyoimarisha hoja ya uhusiano kati ya virusi vya Epstein-Barr na limfoma hiyo. Ili kumrudia mtoto aliyeugua na kulinganisha damu yake ya awali, ilikuwa lazima jina, mzazi na kijiji vihifadhiwe kwa miaka. Hapa siri na elimu zilitegemea kalamu ileile.

Kinachojifunzwa Kuluva ni kwamba taarifa ya mahali ina matumizi halali yasiyoweza kupatikana kwa njia nyingine. Swali linalofaa kuulizwa ni nani aione kwa undani gani, na kwa muda gani. Ramani ya nukta katika jarida la kitabibu haina hatari sawa na rejesta iliyo wazi juu ya meza ya mapokezi, ingawa zote zimetokana na maandishi yaleyale.

5.0 Vita, malale na VVU: mwili unaosema

Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka Aprili 1979, watu wa Nile Magharibi walilipiziwa kisasi kwa sababu ya asili yao, na wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Katika mazingira hayo swali la kawaida la tabibu, unatoka wapi na umeumiaje, lilikuwa na wasikilizaji wengine. Jeraha la risasi lilimsema mwenyewe. Kijiji kilichoandikwa kando ya jina kiliweza kusomwa kama upande wa vita. Ndiyo maana faragha katika huduma ya dharura haiwezi kuchukuliwa kama adabu ya hospitali tu. Kuna nyakati ambapo ni suala la kuishi au kufa.

Vurugu hizo ziliambatana na kurudi kwa malale. Kuanzia miaka ya 1980 shirika la Médecins Sans Frontières liliendesha uchunguzi wa watu wengi kwa pamoja, likianzia Moyo na baadaye kufika upande wa Arua, hasa Omugo. Watu walikusanyika, shingo zikapapaswa kutafuta tezi, vidole vikatobolewa, na walioonekana kuwa na dalili wakapelekwa kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Kazi hiyo iliokoa maisha mengi. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa tangazo: aliyetolewa katika foleni ya kwanza na kupelekwa ya pili alionekana na kijiji kizima, pasipo jina lolote kusomwa kwa sauti.

Hali hiyo ilijirudia kwa namna nyingine VVU vilipoanza kutibiwa. Shirika hilohilo lilianza mradi wa VVU katika Hospitali ya Rufaa ya Arua mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado adimu nchini. Jengo lenye kazi moja, kadi ya rangi yake na siku maalumu ya kliniki ni mambo yanayorahisisha tiba popote yanapotumika, na popote humtambulisha anayeyatumia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2014 iliweka wajibu wa siri, lakini pia ilimruhusu mhudumu kumweleza mtu aliye katika mahusiano ya karibu na mgonjwa pale ambapo hatari ni dhahiri. Sheria hiyo ilizungumzia kinywa cha mhudumu. Haikugusa jengo wala foleni.

6.0 Mpaka wakati wa Ebola na UVIKO-19

Mwaka 2019 mlipuko wa Ebola uliokuwa ukiendelea Kivu Kaskazini na Ituri ulifika mlangoni. Mwezi Juni wagonjwa walithibitishwa Kasese, na mwishoni mwa mwezi huo mgonjwa mwingine akathibitishwa Ariwara, mji wa soko upande wa Kongo ambako wafanyabiashara wa Arua na Koboko huenda na kurudi. Kupima joto na kuuliza safari kukawa sehemu ya kuvuka mpaka. Swali la umetoka wapi lilirudi, safari hii likiwa na sababu ya kitabibu isiyopingika. Ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa hauwezekani bila majina, simu na nyumba.

Machi 2020 ulikuja UVIKO-19. Tangazo la mgonjwa wa kwanza nchini Uganda halikutaja jina. Lilitaja umri, jinsia, uraia, mji aliotoka na shirika la ndege alilosafiri nalo. Wiki zilizofuata taarifa za kila siku ziliwahesabu madereva wa malori kwa uraia na kituo cha mpaka walichopitia. Mantiki ilikuwa ileile ya Omogo: ondoa jina, eleza yaliyobaki. Tofauti ni kwamba mwaka 1940 maelezo yalisomwa na wataalamu wachache baada ya miaka miwili au mitatu, na mwaka 2020 yalifika kwenye simu za majirani jioni ileile.

Katika mji wa mpakani madhara ya maelezo ya namna hiyo hayahitaji jina. Mgonjwa akielezwa kuwa dereva wa taifa fulani aliyepita kituo fulani, lawama huwaangukia madereva wote wa taifa hilo, wenye nyumba za wageni walikolala na wanawake wanaowauzia chakula. Wenye dalili wakianza kuukwepa mpaka rasmi na kupita njia za panya, dharura yenyewe hupoteza taarifa ilizozihitaji. Kwa hiyo kuvuja kwa siri hudhoofisha udhibiti wa mlipuko uleule uliotumika kukuhalalisha.

7.0 Njia ya taarifa katika saa ya kwanza

Dharura ya mtu mmoja ina njia yake ya taarifa, nayo haijachunguzwa kama ile ya milipuko. Majeruhi wa barabarani mara nyingi hufikishwa hospitalini kwa bodaboda au gari la msamaria. Aliyemleta ndiye hutoa maelezo ya kwanza, mbele ya watu wote walio kwenye mapokezi. Ikiwa mgonjwa anasema lugha asiyoijua mhudumu, mkalimani huwa ni ndugu, mlinzi au mgonjwa mwingine. Mwanamke kutoka makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, anaweza kulazimika kueleza kutoka kwa mimba kupitia kinywa cha shemeji yake. Historia ya ugonjwa huandikwa katika daftari la shule ambalo mgonjwa hulibeba mwenyewe, na ambalo mtu yeyote nyumbani anaweza kulifungua.

Pale panapohusika shambulio, Fomu ya Polisi Namba 3 huingia katikati. Matokeo ya uchunguzi wa tabibu hutoka katika mikono ya hospitali na kuwa ushahidi, na mgonjwa anaweza kukutana na jirani yake kwenye benchi la kituo cha polisi akiwa ameishika karatasi hiyo. Akipewa rufaa kutoka Koboko kwenda Arua, barua ya rufaa husafiri pamoja na ndugu zaidi ya kilomita 50. Katika hatua hizi zote jina halijachapishwa popote, na siri imekwisha kupita masikio na mikono kadhaa.

8.0 Sheria mbele ya historia

Sheria zilizopo hazina upungufu wa maneno. Katiba ya mwaka 1995 inalinda faragha katika ibara ya 27. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo chanzo chake ni mwaka 1935, inataka magonjwa ya kuambukiza yaripotiwe. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2009 unatambua usiri. Sheria ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, na inaruhusu zikusanywe bila ridhaa kwa madhumuni ya tiba au kwa wajibu wa kisheria. Muhimu zaidi, tafsiri yake ya data binafsi haikuishia kwenye jina: inahusisha taarifa yoyote ambayo kwayo mtu anaweza kutambuliwa, ukiwemo uraia, umri na kazi. Mwaka 2021 zilifuata kanuni za utekelezaji, na mwaka huohuo Wizara ya Afya ikapata sera ya taifa ya huduma za dharura za tiba.

Pengo lililopo ni la utekelezaji, na historia inaonyesha mahali lilipo. Yapo mambo manne yanayostahili kuzingatiwa na washauri wa sera.

Kwanza, taarifa za dharura zitenganishwe kwa matumizi. Mfuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa anahitaji kijiji na simu. Umma unahitaji kujua hatari iko wapi na ufanye nini. Tangazo la umma likiishia kwenye ngazi ya wilaya, kazi ya mfuatiliaji haipungui kitu.

Pili, kila orodha inayoanzishwa kwa dharura iandikiwe tarehe ya kufungwa na jina la ofisi itakayoitunza au kuiharibu. Taarifa za Kuluva zilikuwa na mtunzaji aliyejulikana. Orodha za vituo vya muda vya mpakani zinahitaji mtunzaji wa namna hiyo.

Tatu, mkalimani ahesabiwe kuwa sehemu ya timu ya tiba. Katika hospitali za Arua na Koboko, wakalimani wachache waliofundishwa na kula kiapo cha siri wangeziba mwanya ambao hakuna mfumo wa kompyuta unaoweza kuuziba.

Nne, mpangilio wa mahali uhesabiwe kuwa taarifa. Foleni, rangi ya kadi, benchi la mapokezi na siku ya kliniki vyote hutamka ugonjwa wa mtu. Ukaguzi wa faragha unaotazama kabati la mafaili peke yake unaacha nje sehemu kubwa ya kile kinachovuja.

9.0 Hitimisho

Tangu 1937 wahudumu na watafiti waliofika Nile Magharibi kwa jumla wamekuwa waaminifu kwa kanuni ya kutotaja jina la mgonjwa. Uaminifu huo haukumlinda kila mara, kwa kuwa kanuni yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya miji mikubwa ambako jina ndilo humtofautisha mtu na maelfu ya wengine. Katika kijiji cha Terego, kwenye makazi ya wakimbizi ya Koboko au kwenye foleni ya malori mpakani, jina ni moja tu kati ya alama nyingi, na mara nyingine si ile yenye nguvu zaidi. Walugbara aliowaeleza Middleton walijua kwamba siri ya ugonjwa inahitaji mpaka unaoeleweka wa nani ajue. Sheria ya mwaka 2019 inatoa nafasi ya kuuchora mpaka huo upya, sasa ukimzunguka mgonjwa mwenyewe. Kazi ya kuuchora itafanyika kwenye mapokezi, katika gari la wagonjwa na kwenye kituo cha mpaka, na inapaswa kufanyika kabla ya dharura ijayo, kwa maana dharura yenyewe haitoi muda huo.